Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Kwa Nini Google Ilikawia Kutoa Akili Bandia



Nimeombwa nizungumze juu ya akili bandia. Najua wapo wanaoiita akili unde, na wapo wanaosema akili mnemba. Mimi nitabaki na jina nililolizoea, kwani ugomvi wa istilahi una siku yake. Sitasema kama mashine zitatunyang'anya kazi, maana hilo mmelisikia sana. Nimekuja na swali jembamba zaidi. Kampuni ya Google ilikuwa na programu ya kuzungumza na watu karibu miaka mitatu kabla dunia haijasikia jina la ChatGPT. Kwa nini iliifungia ndani?

Wengi hujibu kwamba kampuni kubwa ni nzito, kama meli ya mizigo isiyogeuka upesi. Sikubaliani nao. Meli ile iligeuka ndani ya wiki kumi siku ilipotaka kugeuka, kama nitakavyoeleza. Google ilikawia kwa sababu ilikuwa na mali ya kupoteza, na iliwajua watu wenye uwezo wa kuipotezea mali hiyo. Hapo ndipo habari hii ya Marekani inapotugusa sisi tunaozungumza Kiswahili, kwa kuwa sisi hatukuwa miongoni mwa watu hao.

Tuanze na tarehe. Mwaka 2017 watafiti wanane waliokuwa wakifanya kazi Google walitoa makala iitwayo Attention Is All You Need. Humo walieleza muundo walioupa jina la Transformer, na herufi ya mwisho katika jina la ChatGPT inatokana na neno hilo. Mashine yenye muundo huo huyatazama maneno mengi kwa pamoja na kupima lipi lina uhusiano na lipi, hata kama yako mbalimbali katika aya. Kisha hulishwa maandishi mengi mno na kufundishwa kazi moja: kukisia neno linalofuata. Kazi hiyo ikirudiwa mara nyingi kiasi cha kushinda hesabu ya kawaida, mashine huanza kujibu maswali, kufupisha barua na kutunga hadithi.

Ila tusisahau kazi iliyofundishwa. Ilifundishwa kukisia neno linalofaa kufuata, haikufundishwa kutofautisha kweli na uongo. Mwaka jana niliiuliza programu moja ya namna hii maana ya methali yetu, mwenye kovu usidhani kapoa. Ikaniambia, kwa Kiswahili kilichonyooka, kwamba kovu ni nishani ya ushujaa na mwenye nalo astahili kuheshimiwa. Sentensi zilikuwa fasaha, hazina kosa la ngeli hata moja. Maana ilikuwa ya kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Mtoto wa darasa la sita angeiandika katika daftari lake bila wasiwasi, na hilo ndilo lililonitisha.

Watafiti wa Google walilijua tatizo hili mapema kuliko karibu watu wote. Januari 2020 walitangaza programu ya mazungumzo iitwayo Meena, wakaeleza uwezo wake kwa fahari, kisha wakasema hawataifungulia umma kwa wakati ule kwa kuwa walikuwa bado wanapima hatari zake. Mei 2021 Sundar Pichai, mkuu wa kampuni, alionyesha nyingine iitwayo LaMDA, ikizungumza kana kwamba ndiyo sayari ya Pluto, kisha kana kwamba ni ndege ya karatasi. Nayo haikutolewa. Daniel De Freitas na Noam Shazeer, waliokuwa nguzo za kazi hiyo, waliondoka mwaka huohuo wakaanzisha kampuni yao, Character.AI. Agosti 2022 LaMDA ilifunguliwa kidogo kwa watu wachache wa Marekani, tena katika mazungumzo yaliyowekewa mipaka mikali. Miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Novemba 2022, OpenAI, kampuni ndogo isiyokuwa na jina la kuharibika, iliiweka ChatGPT mbele ya kila mtu. Katika siku tano ilikuwa na watumiaji milioni moja.

Sasa nirudi kwenye kovu.

Mwaka 2015 programu ya picha ya Google, inayopanga picha za mtu kwa kutambua kilichomo, ilizipanga picha za kijana Mweusi wa Marekani na rafiki yake chini ya neno sokwe. Kijana yule aliionyesha dunia. Google iliomba radhi, na dawa iliyopatikana ilikuwa kuliondoa neno lenyewe, ili programu isitambue sokwe yeyote, hata sokwe wa kweli msituni. Waandishi wa habari walipoijaribu tena mwaka 2018, na wengine tena mwaka 2023, neno lilikuwa bado limefungwa. Fikirini: kampuni yenye wahandisi bora wa dunia hii, miaka minane, haikuthubutu kuurudisha uwezo wa kumtambua mnyama mmoja, kwa hofu kwamba kosa likitokea mara ya pili halitasameheka. Hilo ndilo kovu ninalolisema. Mimi ni Mwafrika, na sioni aibu kusema kwamba hofu hiyo ya Google naiheshimu. Ningependa iwe kubwa zaidi, na iwe na sababu bora zaidi ya kuogopa gazeti.

Microsoft nayo ina lake. Machi 2016 iliitoa kwenye Twitter programu iitwayo Tay, iliyotakiwa kujifunza kwa kuzungumza na vijana. Watu wenye nia mbaya wakaifunza, na kabla siku haijakwisha ilikuwa ikiandika maneno ya ubaguzi na kumsifu Hitler. Ikazimwa. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilipata lake likiwa bichi kabisa: katikati ya Novemba 2022 ilitoa Galactica, programu iliyokusudiwa kuwasaidia wanasayansi, nayo ikaanza kutunga makala za kitaalamu zenye marejeo yasiyokuwapo. Baada ya siku tatu ikaondolewa kwa aibu. ChatGPT ilitoka wiki mbili baadaye ikiwa na ugonjwa uleule wa kubuni, na dunia ikaishangilia. Yann LeCun, mwanasayansi mkuu wa akili bandia wa Meta wakati huo, hakuficha uchungu wake. Naielewa hasira hiyo. Watu hawakuwa wamepima programu mbili kwa kipimo kimoja. Walimpima aliyezitoa.

Desemba ile, kwa taarifa ya shirika la habari la CNBC, wafanyakazi wa Google waliwauliza wakubwa wao kama kampuni imekosa nafasi. Jeff Dean, aliyekuwa akiongoza utafiti, alijibu kwamba Google ina hatari kubwa zaidi upande wa sifa, na kwa hiyo huenda kwa tahadhari kuliko kampuni changa. Hilo ni la kweli, ila ni sehemu tu ya jibu. Sehemu ya pili imo katika vitabu vya hesabu.

Mwaka 2022 Alphabet, kampuni mama ya Google, ilipata mapato ya karibu dola bilioni 283, na kati ya hizo bilioni 224 zilitokana na matangazo. Mengi ya matangazo hayo yanaishi kwa sababu mtu akiuliza swali hupewa orodha ya viungo, macho yake hupita juu ya tangazo, na kidole chake huligusa. Ukimpa jibu moja lililokamilika, orodha inakufa na tangazo linakosa pa kukaa. Juu ya hapo kuna gharama. John Hennessy, mwenyekiti wa Alphabet, aliliambia Reuters mwanzoni mwa 2023 kwamba mazungumzo na modeli kubwa ya lugha huenda yakagharimu mara kumi ya utafutaji wa kawaida. Kwa hiyo bidhaa mpya ilikuwa ghali zaidi, yenye mapato yasiyojulikana, na iliyoelekea kula ile ya zamani inayolisha nyumba nzima. Ni mzee gani wa duka la jumla angeifungua biashara hiyo kwa hiari yake?

Lipo la tatu, la kisheria, na hili nataka nilikalie kidogo, kwani ndilo ninaloliona zito kuliko yote.

Ukurasa wa kutafutia huonyesha maneno ya watu wengine. Ukisoma humo uongo, mwenye uongo yupo, ana tovuti yake, na Google ni mpita njia aliyekuonyesha mlango. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996, katika kifungu kinachojulikana kama 230, huikinga kampuni ya intaneti isihesabiwe kuwa ndiyo msemaji wa maneno yaliyowekwa na mtu mwingine. Makampuni haya yote yamekua chini ya kivuli cha kifungu hicho. Programu inayojibu kwa maneno yake yenyewe inatoka nje ya kivuli, au angalau imesimama ukingoni. Februari 2023, katika shauri la Gonzalez dhidi ya Google, Jaji Neil Gorsuch wa Mahakama ya Juu ya Marekani aligusia jambo hili waziwazi: akili bandia inayotunga maudhui huenda isipate kinga hiyo. Mwanasheria yeyote wa kampuni aliyesikia maneno yale aliandika kumbukumbu kwa mkuu wake usiku uleule, au alipaswa kuiandika.

Jambo lenyewe halikukawia kufika mahakamani, ingawa kwa mlango mdogo. Februari 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, liliamua kesi ya abiria aliyeuliza habari za nauli ya msiba kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada. Programu ya mazungumzo ilimwambia anunue tiketi kisha aombe punguzo baadaye, kinyume na utaratibu wa shirika. Shirika likajitetea kwa hoja ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sheria hapa aisome: kwamba programu ile ni kitu kinachojitegemea na inawajibika kwa matendo yake yenyewe. Baraza lilikataa. Shirika liliamriwa kulipa zaidi kidogo ya dola 800 za Kanada. Fedha ni ndogo, lakini kanuni imewekwa: ukimweka msemaji dukani kwako, maneno yake ni yako.

Ongezeni Ulaya. Tarehe 31 Machi 2023 mamlaka ya Italia ya kulinda data iliiamuru OpenAI isimamishe kuchakata taarifa za Waitalia, na ChatGPT ikafungwa nchini humo karibu mwezi mzima, hadi kampuni ilipoongeza maelezo na njia za mtu kukataa data zake zisitumike. Google ilipotaka kuipeleka programu yake ya Bard katika Umoja wa Ulaya mwezi Juni, mamlaka ya Ireland ilisema haijapewa maelezo ya kutosha. Bard ikangoja hadi Julai. Mnaona jinsi tahadhari inavyozaliwa? Mtu mwenye muhuri anasema bado, na kampuni kubwa kuliko bajeti za mataifa inakaa kwenye benchi kusubiri.

Nilisema meli iligeuka ndani ya wiki kumi. Tarehe 6 Februari 2023, siku 68 baada ya ChatGPT, Google ilitangaza Bard. Katika tangazo lake la kwanza, Bard iliulizwa ni ugunduzi gani wa darubini ya James Webb mtu angeweza kumsimulia mtoto wa miaka tisa. Ikasema darubini hiyo ndiyo iliyopiga picha za kwanza kabisa za sayari iliyo nje ya mfumo wa jua letu. Si kweli. Picha ya kwanza ya namna hiyo ilipigwa mwaka 2004 na darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile. Wanaastronomia wakasema hivyo hadharani, na tarehe 8 Februari thamani ya hisa za Alphabet ikapungua kwa dola zipatazo bilioni 100 katika siku moja.

Je, programu ilikuwa imetengenezwa vizuri zaidi Februari kuliko ilivyokuwa Novemba? Ugonjwa wa kubuni ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni upande wa hasara. Hadi Novemba, kutoa kulikuwa na hatari kuliko kukaa kimya. Baada ya Novemba, kukaa kimya kukawa na hatari kuliko kutoa. Mwaka uliofuata tuliona zaidi. Februari 2024 programu ya Google iitwayo Gemini ilizuiwa kuchora picha za watu, baada ya kuwachora askari wa Ujerumani wa zama za Hitler wakiwa watu weusi na Waasia. Mei mwaka huohuo majibu ya akili bandia yaliyowekwa juu ya ukurasa wa kutafutia yaliwashauri watu watie gundi kwenye piza ili jibini isidondoke, ushauri uliookotwa katika mzaha wa zamani wa Reddit. Kampuni ileile iliyolifungia neno sokwe miaka minane.

Msiondoke hapa mkidhani nasema kwamba hakuna aliyejali kwa moyo safi. Walikuwapo. Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, aliongoza pamoja na Margaret Mitchell kikundi cha maadili ya akili bandia ndani ya Google. Mwaka 2020 yeye na wenzake waliandika makala iliyozifananisha modeli hizi na kasuku: hutamka bila kuelewa, hubeba ubaguzi wa maandishi ziliyolishwa, na hula umeme mwingi. Wakubwa walimtaka aiondoe makala au afute majina ya wafanyakazi wa Google. Desemba 2020 alitoka katika kampuni. Yeye anasema alifukuzwa, kampuni ikasema alijiuzulu. Mitchell alifukuzwa Februari 2021. Basi tunayo kampuni iliyokuwa ikiifungia programu ndani kwa jina la tahadhari, na wakati uleule ikiwatoa nje watu waliosema kwa nini tahadhari inahitajika. Nimelifikiria sana jambo hili na sijapata njia ya kuipatanisha picha hiyo. Hukumu yangu ni kwamba tahadhari ya kampuni na tahadhari ya mtafiti ni vitu viwili, na tusiviite kwa jina moja.

Sasa tuje kwetu, kwa kuwa tahadhari hii ina jasho la watu wa Nairobi.

ChatGPT ilivumilika mwaka 2022, tofauti na Tay, kwa sababu ilifundishwa kukataa matusi na ukatili. Mashine haiwezi kukataa kitu isichokijua. Lazima watu wasome maelfu ya maandishi machafu na kuyawekea alama: huu ni unajisi, haya ni mateso, hii ni chuki. Januari 2023 jarida la Time lilieleza kwamba kazi hiyo kwa OpenAI ilifanywa na Wakenya walioajiriwa na kampuni ya Sama, kwa ujira wa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Walisoma maelezo ya watoto kunajisiwa na watu kuteswa, na baadhi yao walisema yamewajeruhi akili. Ustaarabu ambao mwanafunzi wa Boston au London anauona kwenye skrini yake ulichujwa kwa macho ya vijana hao.

Na uchujaji huo ulifanywa kwa lugha gani? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichukua maombi ya hatari ambayo GPT-4, modeli ya OpenAI, iliyakataa kwa Kiingereza, wakayatafsiri kwa lugha zenye maandishi machache kwenye intaneti. Kwa Kiingereza hata ombi moja katika mia halikuponyoka. Kwa Kizulu zaidi ya nusu yalijibiwa. Utafiti mwingine wa mwaka huo ulikiweka Kiswahili katika kundi hilo la lugha, na ukakuta kwamba anayeuliza kwa lugha za kundi hilo ana uwezekano wa kupata jibu la hatari karibu mara tatu ya anayeuliza kwa lugha kubwa. Wala si lazima awe na nia mbaya. Inatosha aulize kwa lugha ya mama yake.

Tatizo hili halikuanza na ChatGPT. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2022, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliipelekea Facebook matangazo ya majaribio yenye uchochezi wa wazi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kuona kama mitambo ya ukaguzi itayazuia. Yalipitishwa kwa lugha zote mbili. Kikwazo kilichojitokeza upande wa Kiingereza kilihusu sarufi na maneno machafu, na baada ya marekebisho madogo nayo yakapita. Mashirika yale yaliyaondoa yenyewe kabla hayajasambazwa. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, sihitaji kumweleza mtu yeyote chumbani humu maneno ya namna hiyo hufanya nini.

Kampuni kubwa zinajua kuogopa. Tumeziona zikiliogopa gazeti, mamlaka ya Italia na ya Ireland, jaji wa Washington na soko la hisa la New York. Swali lililo mbele yetu ni nani upande huu wa dunia anaogopwa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022. Sheria zipo kwenye karatasi, na ofisi za kuzisimamia zinahitaji wahandisi, wanasheria na wanaisimu wa kuzipa meno.

Ombi langu kwenu ni dogo na la kesho asubuhi. Wanafunzi wa lugha, ziulizeni programu hizi kwa Kiswahili: methali, dawa, sheria ya ardhi, historia. Andikeni kila kosa, tarehe yake na jina la programu, mlilete kwa walimu wenu, na walimu tulipeleke kwenye mamlaka ya data kwa maandishi. Wanafunzi wa sheria, someni uamuzi wa mahakama ya kazi ya Nairobi wa Februari 2023, katika shauri lililofunguliwa na mtu aliyekuwa akikagua maudhui ya Facebook chini ya Sama. Meta ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya kwa sababu haina makazi huko. Mahakama ilisema inaweza, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaitupa rufaa yake.